Barua za maombi zinazokufa masjala: tuandikeje tatizo mpaka mtu asaini?

KatibuMtaa

Wakuu, habari za Jumapili.

Kila baada ya siku chache anaingia mtu humu na uzi wa "naomba sampuli ya barua ya kuomba..." Kuomba kalavati, kuomba transfoma, kuomba boma la zahanati limaliziwe. Wadau wanamwekea picha ya barua ya darasani: anwani kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Anashukuru, anaondoka. Mifupa kapata, nyama hakuna aliyempa.

Mimi ni katibu wa kamati ya maendeleo ya mtaa, na barua nyingi za watu wa mtaani kwetu hupita mkononi mwangu kabla hazijaenda kokote. Sijawahi kuona barua iliyokwama kwa sababu anwani imekaa upande usio wake. Zinakwama katikati, kwenye zile aya ambazo shuleni tuliambiwa tu "eleza kiini cha barua", basi, kila mtu akajieleze.

Tazameni hii. Nimeibadili kidogo ili mwenyewe asitambulike, ila mmeshaiona mara nyingi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wananchi wa mtaa tajwa tunateseka kwa muda mrefu sana na ubovu wa barabara yetu. Kina mama wanapata shida, watoto wanapata shida, wazee ndiyo kabisa. Tatizo letu kubwa ni ukosefu wa kalavati. Tunaiomba serikali yetu sikivu itusaidie. Tunatanguliza shukrani."

Kiswahili chake hakina kasoro, na adabu ipo. Sasa kaa kwenye kiti cha mhandisi wa wilaya. Barabara gani? Inaanzia wapi, inaishia wapi? Imeharibika yote au kipande? Itusaidie nini hasa: pesa, greda, mtaalamu, ahadi? Na "serikali yetu sikivu" ni nani, maana yeye ni mtu mmoja mwenye gari moja na mtandao wa barabara wa wilaya nzima. Ataisoma, atasikitika, ataiweka pembeni.

Kuna kosa lingine humo ambalo wengi hawalioni. "Tatizo letu ni ukosefu wa kalavati." Hilo si tatizo. Hilo ni suluhisho uliloliamua mwenyewe, ukaligeuza kinyume ukaliita tatizo. Tatizo ni kwamba mvua ikinyesha maji yanakatiza barabara na watoto hawavuki kwenda shule. Chanzo ni kitu kingine tena: pengine mtaro wa juu umeziba kwa taka na mchanga, maji yanakosa njia yanarukia barabarani. Mtaro kama huo unazibuliwa kwa majembe na watu wa mtaa asubuhi moja, hauhitaji bajeti ya mtu. Ukiandika "ukosefu wa kalavati" umeshafunga mlango. Mtaalamu akiona mwaka huu kalavati halimo kwenye mpango, jibu ni moja tu, subirini.

Ni hivyo hivyo kwa "ukosefu wa zahanati", "ukosefu wa kisima", "ukosefu wa ajira". Kila ukitaka kuandika "ukosefu wa", jiulize: hicho kitu kisipokuwepo, nini kinatokea, kwa nani, lini? Majibu ndiyo tatizo. Andika hayo.

La mwisho kwa leo, na kwangu ndilo zito kuliko yote: omba kitu ambacho huyo unayemwandikia anaweza kukisaini yeye mwenyewe. Meneja wa barabara wa wilaya hawezi kukupa daraja kwa barua yako. Anaweza kumtuma fundi aje akague. Hilo halihitaji kikao wala fungu jipya. Barua ya kwanza iombe ukaguzi. Ukaguzi ukifanyika kuna taarifa, na barua ya pili inasimama juu ya taarifa hiyo badala ya kusimama juu ya machozi ya kina mama.

Karibuni. Mwenye nyongeza, mwenye kupinga, wote tunawasoma.

---

Chombo cha Ngalawa

Nimeweka kambi hapa. Tupe na sampuli basi mkuu, usituache na nadharia.

---

Kombora2

Mkuu, umeandika vizuri ila hii ni nchi ya kujuana. Barua ni mapambo. Mtaani kwetu tuliandika, tukasubiri, kimya. Alipokuja jamaa mmoja anayemfahamu mtu ndani, greda lilifika bila hata karatasi. Nishaurini kwa ukweli: niandike barua au nimtafute mtu?

---

KatibuMtaa

Kombora2, sikubishii kwamba kujuana kupo. Ila hata huyo mtu wa ndani anahitaji karatasi ya kushika. Diwani akitaka kuliibua jambo lenu kwenye baraza, karatasi yenye tarehe na mhuri ndiyo inayomfanya aulize "ombi la wananchi wangu la tarehe fulani limefikia wapi?" Bila hiyo anabaki na "wananchi wangu wanalalamika", na hilo kila diwani analo. Mtafute mtu, sawa, ila umpe nakala.

Na yule wa kwenu aliyefanikiwa bila karatasi, akihama au akikosana na mtu wake, mtaa unaanza upya sifuri.

---

Mzee wa Jalada

Vijana, nimefanya kazi masjala ya halmashauri hadi kustaafu. Mnaongelea barua kana kwamba ikishafika getini imefika. Hebu niwaambie inakopita.

Barua inapokelewa, inagongwa mhuri wenye tarehe, inaandikwa kwenye kitabu. Halafu karani wa masjala anaisoma kichwa, naam, kichwa tu, kutafuta jalada lake. Majalada yanapangwa kwa mambo: barabara lake, maji lake, elimu lake. Barua inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, inawekwa ndani, jalada linapelekwa kwa mkurugenzi. Yeye anaandika pale maelekezo mafupi kwenda kwa mkuu wa idara, pengine maneno matatu: "Shughulikia, nipe majibu." Jalada linashuka idarani.

Sasa sikilizeni. Mtu analeta barua moja yenye barabara, maji, umeme na mwalimu wa hisabati. Inaingia jalada gani? Karani ataiweka kwenye jambo la kwanza aliloliona. Yale mengine matatu yamezikwa humo, hakuna atakayeyafukua, na si kwa ubaya. Jambo moja, barua moja. Kama mna mambo manne leteni barua nne siku moja, hakuna atakayewafukuza.

YAH yenu iwe na ombi lenyewe. "YAH: MAOMBI" au "YAH: KERO YA WANANCHI" zinanifanyia nini mimi? Kero zote ni za wananchi.

Andikeni kwa cheo, msiandike kwa jina la mtu. Mtu akihamishwa, barua yenye jina lake inaweza kumfuata kama barua binafsi au ikakaa mezani bila kufunguliwa. Barua za halmashauri zote ziandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, hata kama unajua kabisa anayeshughulika ni mtu wa maji au wa elimu. Yeye ndiye atakayeishusha.

Na K.K. (kupitia kwa) msiiruke. Ukiruka mtendaji wa kata, barua inarudishwa kwake kuombwa maoni. Umepoteza wiki, na mtendaji ameudhika kwamba mlimpita kichwani.

Jingine, ile orodha ya nakala. Mtu anaandika nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, Waziri, Ikulu. Kila mmoja anadhani mwenzake mkubwa zaidi ameshalishika. Nakala mbili zinatosha: diwani na mwenyekiti wenu.

Mkienda kupeleka, bebeni nakala ya pili mgongewe mhuri na kuandikiwa tarehe, mwondoke nayo. Asiyekuwa na nakala yenye mhuri hana barua, ana hadithi.

---

Bint Kisima

Shikamoo mzee wangu. Hii ya jalada sijawahi kuisikia popote, na nina diploma. Asante sana.

---

Mwalimu wa Zamu

KatibuMtaa, umetuponda walimu kidogo 😄 Nafundisha Kiswahili sekondari. Mtihani unataka muundo kwa sababu muundo unasahihishika. Nina madarasa yaliyojaa na kalamu moja nyekundu. Lakini nakubali kwamba kiini tumekiacha yatima.

Nikwambie ninavyofanya siku hizi. Insha ya tatizo na suluhisho naifundisha kwanza, barua baadaye, na zote mbili kwa jambo lile lile. Nawapa kitu kilichopo shuleni: vyoo. Mara ya kwanza wanaandika "vyoo ni vichache na ni vichafu, jambo linalohatarisha afya zetu". Nawarudishia. Nawauliza: vichache kwa kipimo gani? Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Haya, nendeni mkahesabu.

Tuseme wanarudi na wasichana 312, matundu 6. Hapo tundu moja linahudumia wasichana 52. Ili kufikia mwongozo yanahitajika matundu 16, yaani pungufu ni 10. Mwanafunzi ambaye jana aliandika "vichache sana" leo ana sentensi ambayo mkuu wa shule hawezi kuipita. Na hajaongeza hata neno moja la huzuni.

Halafu nawauliza madhara, na hapo nawakataza "magonjwa ya mlipuko" hadi waniambie wao wameona nini. Binti mmoja ataandika kwamba mapumziko ni dakika 20 na foleni inaisha baada ya kengele, kwa hiyo kipindi kinachofuata kinaanza na viti vitupu. Hilo hakulikopi popote, amelishuhudia.

Kwenye suluhisho ndiko wanakoanguka zaidi. Wanamwaga orodha: serikali ijenge, wazazi wachangie, wafadhili watafutwe, wanafunzi waelimishwe. Suluhisho nane, hakuna lililofikiriwa. Nawambia chagua moja, kisha uniambie kwa nini yale mengine umeyaacha. Matundu 10 kwa mkupuo shule haina uwezo. Matundu mawili kila mwaka inawezekana lakini idadi ya wanafunzi nayo inapanda. Wakati huo huo mapumziko yanaweza kugawanywa mara mbili, kidato cha kwanza na cha pili watoke kwanza, na hilo halihitaji shilingi. Mtoto aliyefika hapo amefikiri kweli.

Ndipo nawapa barua. Imekuwa nyepesi kwa sababu kazi imeshafanyika kwenye insha. Barua inachukua yale tu yanayomhusu mkuu wa shule na kuacha mengine.

---

Kombora2

Mwalimu, huyo mtoto wa kugawanya mapumziko aletwe awe waziri.

---

Mkazi wa Pwani (Kenya)

Jamani majirani, hamjambo? Nawasoma kutoka Kilifi. Kwetu hatuandiki YAH, tunaandika KUH au MINT, ila ugonjwa ni ule ule. Barua zinakwenda kwa MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) zikiwa na malalamiko ya kurasa tatu na ombi limejificha kwenye mstari wa mwisho.

Nachangia jambo moja ambalo sijaliona hapo juu: kalenda. Hapa kwetu sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sasa mtu anaandika barua ya kuomba mradi mwezi Mei, wakati makadirio yako bungeni tayari. Barua nzuri, lakini wageni wameshakula na sufuria zimeoshwa. Mradi ambao haukuingia kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kuuona ukitokea kwenye bajeti.

Kwa hiyo kikundi chetu tunaandika Juni na Julai, wakati mpango wa mwaka unaofuata unapikwa. Na siku wanapotuita kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma hatuendi na maneno matupu, tunakwenda na waraka wa ukurasa mmoja, tunaukabidhi, tunaomba ugongwe mhuri. Aliyesimama akaongea kwa uchungu dakika kumi anaandikwa "mwananchi mmoja alisema". Aliyekabidhi waraka anaandikwa jina na ombi.

---

KatibuMtaa

Mkazi wa Pwani, hii nilitaka kuileta jioni, umeniwahi. Huku Tanzania nako mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mabaraza ya madiwani hukaa na rasimu za bajeti karibu Januari na Februari, na Bunge linashughulika na bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Miradi inatakiwa iibuliwe mitaani na vijijini kabla ya hapo, kwa ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kwa hiyo anayetaka jambo la fedha aandike mapema, Septemba au Oktoba, na aambatanishe muhtasari wa mkutano ulioliibua. Anayetaka ukaguzi au ukarabati wa dharura, huyo aandike wakati wowote, ila aseme wazi kwamba ni dharura na kwa nini.

Bado naona watu wanaandika wakati maji yameshaingia ndani. Naelewa uchungu. Lakini masika ya Machi hayajawahi kumshtukiza mtu.

Sampuli mliyoiomba hii hapa. Majina nimeacha wazi, msinakili neno kwa neno; barua ikifanana na ya mtaa wa jirani itasomwa kama ya mtaa wa jirani.

> Kamati ya Maendeleo,
> Mtaa wa ............,
> S.L.P. ......,
> ............
> Tarehe ............
>
> Meneja wa Wilaya,
> Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA),
> S.L.P. ......,
> ............
>
> K.K. Mtendaji wa Kata,
> Kata ya ............
>
> YAH: OMBI LA UKAGUZI WA KIVUKO CHA BARABARA YA SOKONI HADI SHULE YA MSINGI KABLA YA MVUA ZA MASIKA
>
> Wakazi wa Mtaa wa ............, katika mkutano wao wa tarehe ......, waliazimia kuomba mtaalamu wako afike kukagua kivuko kilichopo takriban mita 400 kutoka sokoni, kwenye barabara iendayo Shule ya Msingi ............, kabla ya mwisho wa Februari.
>
> 2. Mvua ikinyesha zaidi ya saa moja, maji kutoka mlimani hukatiza barabara mahali hapo na kufika magotini mwa mtu mzima. Kwa muda huo watoto wa upande wa magharibi hawavuki kwenda shule, na bajaji zinazobeba wagonjwa hulazimika kuzunguka kupitia barabara kuu. Mahudhurio ya shule kwa siku za mvua kubwa za masika yaliyopita yameambatanishwa, yakiwa yamethibitishwa na Mwalimu Mkuu.
>
> 3. Wakazi wamezibua mtaro wa juu kwa nguvu zao. Maji yamepungua lakini hayajaacha kukatiza, hivyo tunaona chanzo kinahitaji jicho la mtaalamu.
>
> 4. Ukaguzi ukionesha kazi inayohitajika, wakazi wako tayari kuchangia mawe, mchanga na nguvu kazi. Mwenye eneo la pembeni ameridhia kwa maandishi maji yapitishwe kwake. Nakala ya ridhaa imeambatanishwa.
>
> 5. Mwenyeji wa mtaalamu wako atakuwa Katibu wa Kamati, simu ............, ambaye yuko tayari siku yoyote ya kazi.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,
> (saini)
> Jina
> Katibu, Kamati ya Maendeleo
>
> Nakala: Mh. Diwani, Kata ya ............; Mwenyekiti wa Mtaa.
> Viambatisho: muhtasari wa mkutano na mahudhurio, mahudhurio ya shule, ridhaa ya mwenye eneo, picha.

Aya nimezipa namba kama barua za serikali zenyewe zinavyofanya. Si madoido. Mtu akikujibu ataandika "kuhusu aya ya 4" na mtaelewana.

---

Chombo cha Ngalawa

Hii sasa ndiyo nyama. Nimeihifadhi.

---

fundi_levo

Nafanya kazi ya ujenzi wa barabara, huwa naenda kwenye hizo kaguzi. Sampuli ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kupewa mkononi, hasa kwa kuwa haikuniamulia kipenyo cha kalavati. Kuna watu wanaandika "tunaomba makalavati mawili ya sentimita 60". Nani kapima? Ukubwa unategemea maji yanayotoka eneo zima la juu, na ukiweka dogo linaziba, maji yanapanda juu yake na kula barabara yote. Mwananchi aniambie alichokiona, hesabu aniachie.

Lakini mnisaidie haya. Maji yalifika wapi? Wekeni alama ukutani au kwenye mti siku ile ile, kwa rangi au msumari, maana mimi nitakuja kiangazi na nitakuta vumbi. Piga picha mbili kutoka sehemu moja, wakati maji yapo na baada ya kukauka, na mtu asimame ndani ya picha ili nione kimo. Picha ya maji peke yake haina saizi. Inaweza kuwa mto, inaweza kuwa dimbwi.

Halafu, kabla ya yote, ulizeni hiyo barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya na mitaa ni za TARURA. Nimewahi kukagua mahali, nikarudi ofisini, nikakuta kile kipande hakimo kwenye orodha yetu hata kidogo. Kilikuwa njia ya shamba iliyopanuka. Hapo ombi la kwanza si kalavati wala ukaguzi, ni barabara yenyewe iingizwe kwenye mtandao.

---

Bint Kisima

Swali langu ni la maji. Kijijini kwetu kisima cha pampu kimeharibika. Niandike RUWASA (wakala wa maji vijijini) au halmashauri?

---

Mzee wa Jalada

Binti, anzia karibu. Maji vijijini yako chini ya RUWASA tangu sheria ya maji ya 2019, lakini kijiji chenu au vijiji vya jirani vina chombo cha watumia maji, kile kinachokusanya hela ya ndoo. Matengenezo madogo ni kazi yao na hela hiyo inatakiwa iwepo kwa ajili hiyo. Waandikieni wao kwanza, nakala meneja wa RUWASA wa wilaya. Wakijibu kwamba hawana uwezo, jibu lao ndilo kiambatisho chenu mkienda wilayani. Mkiruka, wilaya itawauliza: chombo chenu kimesemaje?

Na usiandike "pampu mbovu". Andika imeacha kutoa maji lini, inatoa kidogo au haitoi kabisa, na watu sasa wanachota wapi.

---

Ticha wa Mpakani

Wakuu, uzi mzuri ila mnaongelea mitaa na vijiji. Mimi ni mtumishi, naomba uhamisho kumfuata mwenza. Nimeeleza mateso yote ya kuishi mbali na familia. Hakuna kitu. Hii njia yenu inafanya kazi kwangu?

---

KatibuMtaa

Inafanya. Wewe umeandika tatizo lako. Mkurugenzi naye ana lake: ukiondoka, nani atafundisha vipindi vyako? Barua isiyogusa hilo inamwachia yeye mzigo, na njia rahisi ya kuutua ni kukataa au kunyamaza.

Tafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, mwenye somo lako, anayetaka kuja huko. Barua yako ianze na yeye: "Naomba uhamisho wa kubadilishana na mwalimu wa somo lile lile kutoka halmashauri ya..." Sababu ya familia iwe aya moja na cheti cha ndoa kiambatanishwe. Mateso usiyaeleze sana. Siku hizi maombi mengi yanapitia kwenye mfumo wa kielektroniki, lakini sababu bado unaiandika wewe, na anayeisoma bado ni mtu mwenye pengo la kuziba.

---

Kombora2

Haya, nimelainika. Tuseme nimeandika hivyo vyote, mhuri ninao, K.K. nimepita. Mwezi umeisha, kimya. Mnaniambia nini?

---

Mzee wa Jalada

Nenda masjala na nakala yako yenye mhuri. Usiulize "barua yetu vipi?" Uliza "jalada liko idara gani?" Karani anaona kwenye kitabu chake. Kisha nenda kwenye idara hiyo. Kwa adabu, bila kupiga kelele. Karani uliyemtukana hatakuonesha kitabu mara ya pili.

---

KatibuMtaa

Na ukitoka hapo andika ya kukumbushia, mistari mitano tu: rejea barua yetu ya tarehe fulani iliyopokelewa tarehe fulani, ombi lilikuwa hili, tunaomba kujua limefikia hatua gani. Usirudie hadithi yote, na usikasirike kwenye karatasi. Karatasi inakaa kwenye jalada miaka.

Ikikaa kimya tena, badilisha swali. Acha kuomba huduma, omba taarifa: je, barabara hii imo kwenye mpango wa mwaka huu wa fedha au haimo? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kukujibu. "Haimo" nalo ni jibu. Ukilipata unajua mkutano wa Oktoba unakwenda kudai nini.

---

Mkazi wa Pwani (Kenya)

Nakazia. Kwetu ni siku 21, kwa sheria ya 2016 pia, chini ya Ibara ya 35 ya Katiba. Tumeshaitumia. Barua ya maombi ilinyamaziwa, ya kuomba taarifa ikajibiwa, na jibu lenyewe lilituonyesha kwamba kuna mradi mwingine kwenye wadi ambao tungeweza kuuunganisha na wetu.

---

Bint Kisima

Swali la mwisho, msinicheke. Mtendaji wetu anasema nimtumie tu WhatsApp, atasambaza. Inatosha?

---

Mzee wa Jalada

Mtumie aisome mapema, hakuna ubaya. Kisha chapisha, saini, peleka. WhatsApp haina folio.

---

Bint Kisima

Sawa mzee. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Nitachukua muhtasari na mahudhurio, Jumapili naleta rasimu hapa mnikosoe kabla sijaichapa.

---

KatibuMtaa

Lete. Ila futa majina na namba za simu kabla hujaipandisha, na utuambie pampu iliacha kutoa maji lini.

---

fundi_levo

Na aina ya pampu. Imeandikwa kwenye kibati pale kwenye mkono wake.